Geti la Kupigia Picha

"Mji wetu washika nafasi ya saba kati ya miji mia moja yenye raha ya kuishi!"

Mhariri alikisoma kichwa hicho cha habari kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kisha akashusha gazeti aone limewaingiaje wenzake.

Halikuwaingia. Pasi, dobi wa pale kijiweni, alikuwa anapuliza makaa ya pasi yake. Kicheko kikamponyoka, akavuta majivu badala ya hewa, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Rudia," akasema Shangazi huku akifunga chupa yake ya kahawa. "Rudia polepole, mimi nina umri."

"Nafasi ya saba. Kwa maji ya uhakika, makazi bora, na ukarimu wa wakazi wake."

"Makazi ya nani?"

"Yetu."

"Yetu sisi hawa?"

"Shangazi, mimi nasoma tu. Sikuandika."

Kijiwe chenyewe ni benchi la Soli, fundi viatu, pale kwenye kona ambapo barabara ya lami inapakana na kichochoro cha vumbi. Upande wa lami kuna majumba yenye vyumba vingi na watu wawili. Upande wa kichochoro hesabu hiyo imegeuzwa. Mhariri ni karani mstaafu ambaye hajawahi kuhariri kitu chochote ila maneno ya wenzake. Magazeti anayachukua kwenye ofisi aliyostaafu, wakishayamaliza, kwa hiyo habari ikifika kijiweni imeshapoa kama chai ya msibani. Shangazi, muuza kahawa, hana undugu na mtu yeyote pale, lakini wote wanamwogopa kama ana undugu nao. Wa mwisho ni Komando, mlinzi wa geti jeusi la ng'ambo ya barabara. Tajiri yake yuko nje ya nchi mwaka wa tisa sasa, na silaha yake yote ni filimbi na rungu lililoliwa na mchwa.

"Maji ya uhakika!" Shangazi akasonya. "Bomba la kwetu Jumatatu mpaka Alhamisi linatoa upepo. Ijumaa linatoa kutu. Siku likitoa maji, wapangaji wanaitana kana kwamba kuna aliyekufa."

"Na ukarimu je?" Pasi alishapata pumzi. "Mimi jirani yangu wa ukutani, miaka minne, jina simjui. Namjua kwa kikohozi. Akikohoa mara tatu najua saa kumi na moja imefika, naamka. Akihama huyo, kazini nitachelewa."

"Kazini wapi? Si hapa hapa unapokaa?"

"Ndiyo, na nitachelewa!"

"Nyinyi hamjui kusoma takwimu," Mhariri akasema. "Utafiti ni sayansi. Wataalamu walikuja, wakakaa wiki mbili, wakauliza watu."

"Walilala wapi?" Komando akauliza. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa yana miba.

Mhariri akapitisha kidole kwenye mistari, akageuza ukurasa, akarudi. "Haijaandikwa."

"Basi walilala hotelini. Mtu aliyelala kwetu angeandika nafasi ya tisini na tisa, na hiyo mia angeiacha wazi kwa heshima."

"Mimi nilikuja kusomea umeme," Pasi akasema, akiipitisha pasi juu ya shati la mtu. "Mjomba akaniambia njoo, ukae kwangu, nyumba ni yako. Siku ya kwanza nikala na watoto. Siku ya pili nikala baada ya watoto. Siku ya tatu mkaza mjomba akaanza kuhesabu vijiko mbele yangu, moja, mbili, tatu, huku ananitazama. Nikaelewa. Nikabeba begi. Mpaka leo umeme naujua kwa kukatika kwake tu."

Wakacheka. Wote walicheka ila Soli.

Soli alikuwa ameinama juu ya kiatu, misumari imebanwa mdomoni, akigonga kama anayemtwanga adui. Siku nyingine zote yeye ndiye huanza kuutukana mji, tena kabla hata ya kikombe cha kwanza. Shangazi alimtazama, akaitazama kazi yake, akakipokonya kile kiatu mkononi mwake.

"We Soli! Hiki kisigino ni cha kushoto. Umekipigilia mguu wa kulia. Mwalimu wa watu umtembeze upande upande kama kaa?"

Soli akatema misumari kiganjani.

"Mdogo wangu anauza vyerehani leo," akasema. "Saa sita."

"Anauza kwa nini? Anaumwa?"

"Anahamia mjini. Kwangu."

Pasi akaisahau pasi juu ya shati la mtu, likaanza kunuka.

Wote walimfahamu mdogo wake Soli kwa masimulizi. Fundi cherehani, ana duka barabarani kule kwao, vyerehani vinne, wanagenzi wawili, na mashule matatu yote yanashonesha sare kwake. Anakaa nyumba ya marehemu baba yao, vyumba vitatu, ua mpana, mama yao yuko naye. Ana mke na watoto wanne. Kwa kifupi, alikuwa na kila kitu ambacho watu wa lile benchi walikuja mjini kukitafuta wakakikosa. Na leo saa sita mnunuzi alikuwa anakuja na mkokoteni kuvibeba vyerehani vyote vinne.

"Nani kamdanganya?" Mhariri akauliza.

Soli alitazama ng'ambo ya barabara tu. Wenzake wakafuata macho yake mpaka kwenye geti jeusi, kisha kila mmoja akapata shughuli ya ghafla. Pasi akakumbuka shati. Mhariri akafungua ukurasa wa matangazo ya vifo.

Hapa lazima geti lielezwe, maana lawama nyingi zitaliangukia na lenyewe ni chuma tu. Ni refu, lina maua ya shaba juu, na nyuma yake kinaonekana kipande cha ghorofa na mti uliokatwa duara. Kila Jumapili asubuhi Komando huruhusu watu wa kijiweni wapige picha mbele yake. Masharti ni matatu: usiliguse, usiegemee, na kandambili usizionyeshe. Pasi naye hutoa koti. Si lake, ni la mteja yeyote atakayekuwa amechelewa kuja kuchukua nguo zake wiki hiyo. Mtu anavaa, ananyoosha shingo, anapigwa picha, anaituma kwao. Basi. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba geti ni lake. Soli aliandika maneno manne tu, "Hapa nyumbani, tuko salama," na kwa jinsi benchi lake linavyotazamana na lile geti, alijiambia kwamba si uongo mtupu. Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Mama yake akaisafisha ile picha ikawa kubwa, akaitundika sebuleni, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekunywa maji mle ndani bila kuonyeshwa kwanza geti la mwanawe.

"Mpigie umwambie ukweli," Shangazi akasema. "Saa ngapi saa hizi?"

"Saa nne na nusu."

"Mpigie sasa."

"Taratibu, jamani, taratibu!" Pasi akadakia. "Ukweli upi huo? Mama mkwe wangu anayo picha ya geti hilo hilo. Koti tofauti, geti lile lile. Ukianza kumwaga ukweli wewe, utatulowesha sote."

"Kwani nani alikutuma?"

"Shangazi, mke nilipewa kwa ile picha!"

"Basi umrudishe."

Mhariri akakunja gazeti. "Kuna lugha ya kiofisi kwa mambo kama haya. Usiseme geti si langu. Sema, kutokana na hali iliyopo, zoezi la kuhama limesogezwa mbele hadi hapo itakapotangazwa tena. Miaka thelathini nimeandika barua hiyo. Hakuna aliyewahi kurudi kuuliza."

Soli akafuta mikono yenye gundi, akapiga simu, akaiweka sauti ya juu kwa sababu Shangazi alimwamuru.

"Kaka!" Sauti ya mdogo wake ilijaa furaha mpaka ikamchoma. Nyuma yake cherehani kililia, trrr, kikatulia. "Nilijua utapiga. Tumeshafunga mizigo. Mama anakusalimu, anasema usihangaike na magodoro, tutalala chini tu siku za mwanzo."

"Mdogo wangu, sikiliza. Huku hali ni ngumu."

Kule upande wa pili kikasikika kicheko. "Hali ngumu! Kaka, hakuna mwenye nacho asiyesema hali ngumu. Mwenye duka la jumla hapa kwetu anasema hali ngumu, juzi kanunua gari."

"Nasema kweli. Geti lile la kwenye picha..."

"Enhe, nimekumbuka! Lile koti lako la kwenye picha mikono imezidi. Kila siku nikiitazama ile picha inanikera. Nani alikushonea? Nikija nitakupunguzia, kaka yangu huwezi kukaa kwenye jumba kama lile umevaa koti la kuazima."

Pasi akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Si jumba langu," Soli akasema kwa sauti ndogo.

"Umepanga? Kupanga jumba kama lile ni mchezo?" Kisha sauti ikapungua furaha. "Kaka, kama hutaki tuje, niambie tu. Usizunguke. Mimi nimemtunza mama miaka kumi na moja wewe ukiwa huko. Sikuwahi kukuomba kitu. Leo nikiomba kona ya nyumba, unaniletea hali ngumu?"

"Si hivyo..."

"Mnunuzi anakuja saa sita. Nikikosa pa kufikia kwa ndugu yangu wa tumbo moja, nitafikia kwa mtu baki. Lakini kuja nakuja." Simu ikakatika.

Soli alikaa na simu mkononi. Alitaka kucheka, ikamtoka kwikwi. Mtu anaweza kuona mikono ya koti imezidi nusu inchi kwenye picha ya miaka saba, na geti zima la uongo lisimkere!

"Umeona?" akasema Pasi. "Ukweli umeusema, umekataliwa. Sasa mikono yako ni safi."

"Hujausema," Shangazi akamwambia Soli. "Umeunong'ona. Maneno hayaamini huyo. Picha ndiyo iliyompoteza, picha ndiyo itakayomrudisha. Twende chumbani kwako."

"Chumbani kwangu?"

"Tukakipige picha. Kama kilivyo."

Miaka kumi na moja, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka kizingiti cha Soli. Wala yeye hakuwahi kuvuka vyao. Waliijua vizuri njaa ya mwenzao, lakini godoro lake hawakulijua. Soli akatafuta kisingizio, hakukipata, akafunika viatu vya watu kwa turubai, wakaingia kichochoroni mmoja mmoja nyuma ya Shangazi. Hata Komando aliacha lindo, akidai kwamba geti halijawahi kwenda popote.

Chumba kilikuwa cha nne kushoto, ukishapita choo. Kitanda kimoja, nyuma ya pazia. Magodoro mawili ya watoto yamekunjwa chini ya kitanda, na la tatu limesimamishwa ukutani kwa sababu juzi lilikojolewa. Ndoo tano za maji zimepangwa mstari, jiko nyuma ya mlango, sufuria juu ya sanduku, madaftari ya shule juu ya sufuria. Misumari imejaa ukuta mzima, na kwenye kila msumari unaning'inia mfuko wa viatu vya mteja. Watu sita hulala humo. Juu ukuta haukufika kwenye bati, na kutoka chumba cha tano mtu alikuwa anaota kwa sauti mchana kweupe.

Pasi aliishia mlangoni. Mhariri akavua kofia.

"Sawasawa," Shangazi akasema, kwa upole uliomshangaza Soli. "Piga hivyo hivyo."

Hapo ndipo mke wa Soli alipotoka kuanua nguo uani, akakuta msafara.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Tunapiga picha ya chumba," Soli akasema. "Ya kupeleka nyumbani. Kwa mama."

Alijua alitakiwa kuongeza kwamba ni ya kuonyesha dhiki yao, na hakuongeza.

"Picha! Ya kwa mama mkwe! Na chumba kiko hivi?" Mwanamke yule akawatupa nje wote watano kwa kiwiko kimoja. "Mnataka nidharauliwe mimi? Aseme mwanawe kaoa mchafu? Tokeni!"

"Shemeji, tunataka kama kilivyo," Mhariri akabembeleza.

"Kama kilivyo mpige chako!"

Walisikia ufagio. Walisikia ndoo zikikokotwa. Kila baada ya muda mlango ulifunguka kitu kikarushwa nje: mfuko wa viatu, jiko, lile godoro la juzi. Soli akatazama saa. Saa tano na dakika ishirini.

"Mke wangu, basi..."

"Bado!"

Na Pasi, badala ya kumsaidia mwenzake, akachungulia na kusema, "Shuka ina mikunjo hiyo, shemeji. Nilete pasi?" Akaenda mbio akaileta, ikiwa na makaa yake.

"Wewe Pasi, una akili?" Shangazi akafoka.

"Dakika moja tu, Shangazi. Hata ukweli unanyooshwa kidogo."

Mlango ulipofunguliwa tena, ilikuwa saa sita kasoro robo. Kitanda kimetandikwa ile shuka ya maua ambayo Soli mwenyewe aliilalia mara ya mwisho siku ya harusi. Magodoro mawili ya watoto yamelazwa chini ubavu kwa ubavu, yamefunikwa khanga mpya. Pazia limefungwa fundo. Ndoo hazipo, viatu havipo, watu sita hawapo. Kilikuwa chumba kidogo, safi, kinachongoja wageni.

Soli aliona. Moyo wake ulimwambia kabisa, hiki sicho. Lakini mkewe alikuwa amesimama pembeni, jasho linamtiririka, uso unang'aa kwa fahari, na muda ulikuwa unakwisha. Akapiga picha. Akaandika, akikosea herufi kwa haraka: "Mdogo wangu, sina nyumba. Geti ni la mtu. Hapa ndipo ninapolala mimi na shemeji yako na watoto wote wanne. Usiuze."

Akatuma. Wakarudi kwenye benchi, wakakaa. Mhariri akafungua gazeti, lakini hakusoma. Shangazi akamimina kahawa, hakuna aliyekunywa. Soli aliitazama simu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia mwepesi, kwa sababu sasa alikuwa amesema, tena kwa maandishi.

Simu ikalia saa sita na dakika tano.

"Kaka!" Mdogo wake alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kaka, umetuvunja mbavu! Eti sina nyumba! Mtu alale chumba kile watu sita? Hata mbuzi wa hapa hawakai hivyo! Mke wangu kasema, shemeji anatutania huyu, hicho ni chumba cha mfanyakazi nyuma ya jumba, na katutandikia kabisa. Kaona magodoro ya watoto, khanga mpya, kaka, analia hapa."

"Si utani! Nimekwambia..."

"Kinatutosha! Sisi si watu wa makuu. Nisamehe maneno ya asubuhi, nilikuwa na hasira. Ngoja, mama huyu hapa."

"Mwanangu," sauti ya mama yao ikaja, nyembamba, karibu sana na simu. "Mungu akuzidishie."

"Mama, mimi ni maskini. Mama, nisikilize. Lile geti si langu. Sijawahi hata kuingia ndani yake!"

"Nimesikia, baba. Ulivyolelewa hivyo, hujivuni. Nilikuwa nawaambia hapa, mwanangu na mali yake yote, ukimuuliza anasema hana kitu."

Nyuma ya sauti yake Soli alisikia watu wakihimizana, shika huku, inua, taratibu na gurudumu. Kisha akausikia mkokoteni ukiondoka, uzito wa vyerehani vinne ukilia kwenye kokoto za ua alimozaliwa. Aliusikiliza mpaka ukaisha. Mama yake alikuwa bado anamwombea dua.

Kijiweni hakuna aliyemtania. Shangazi alikusanya vikombe vyake vilivyojaa, akamwaga kahawa ya kimoja kimoja kwenye vumbi, akabeba chupa yake, akaondoka bila kuaga. Mhariri akasema ana miadi mahali, ingawa tangu astaafu hajawahi kuwa na miadi. Soli akachukua kile kiatu cha mwalimu, akaanza kung'oa misumari.

Komando alianza kuvuka barabara kurudi getini, akafika katikati, akarudi.

"Wako wangapi?"

"Sita. Na mama wa saba, akija."

"Saba hawaenei getini mara moja. Wakubwa Jumapili hii, watoto ijayo. Na kandambili wasije nazo."

Soli alinyanyua nyundo. Pasi, aliyekuwa karibu zaidi, alidhani atapigwa, akarudi nyuma hatua moja. Lakini Soli aliishusha taratibu juu ya benchi.

"Ana mwili gani?" Pasi akauliza kwa woga. "Huyo mdogo wako. Nina koti moja la kijivu, mwenyewe amesafiri, ila ni kubwa."

"Lete hilo hilo," Soli akasema. "Likimzidi atalipunguza mwenyewe, ni fundi."

Akachukua msumari, akauweka kwenye kisigino, na mkono ukasimama hapo hapo, alipokumbuka kwamba vyerehani vimeshaondoka.